Hatua za Mwanzo za Uchakataji wa Picha kwa MATLAB na Octave: Mfano wa Hati za Kiswahili Zilizoandikwa kwa Herufi za Kiarabu

Katika hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nukta hubeba maana. Herufi ba ina nukta moja chini, ta ina mbili juu, na tha ina tatu. Umbo lenyewe ni moja. Nukta zikifutika, neno "baba" na neno "bata" hubaki na sura ile ile. Makala haya yanaeleza hatua za mwanzo za kuchakata picha ya ukurasa wa hati ya namna hiyo katika MATLAB, na pia katika GNU Octave, programu huria inayotumia amri nyingi zilezile. Hatua hizo ni rahisi. Hata hivyo, makosa makubwa yanayofanyika humo hayatoi onyo lolote, na mara nyingi kinachopotea ni nukta.

Picha huingizwa kwa amri "A = imread('ukurasa.tif')". Katika Octave, amri "pkg load image" hutangulia ili kuwezesha amri nyingine za picha zinazotajwa hapa chini. Kinachopatikana ni jedwali la namba lenye tabaka tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kila pikseli hutajwa kwa safumlalo kwanza kisha safuwima, kuanzia 1, kutoka pembe ya juu kushoto. Amri "rgb2gray" huunganisha tabaka hizo kuwa moja ya kijivu kwa uzito wa 0.2989, 0.5870 na 0.1140. Iwapo hati ina wino mwekundu, ni afadhali kuchukua tabaka ya kijani au ya buluu peke yake, kwa kuwa katika tabaka nyekundu wino huo hung'aa na kukaribia weupe wa karatasi.

Jambo linalostahili uangalifu zaidi ni aina ya namba. Picha ya kawaida huhifadhiwa katika aina ya "uint8", yaani namba kamili kuanzia 0 hadi 255. Jawabu linalozidi 255 hukatwa likawa 255, na lililo chini ya sifuri huwa 0. Mtafiti anayetafuta wastani wa pikseli mbili zenye thamani 200 na 100 kwa kuzijumlisha kisha kugawanya kwa mbili hupata 128 badala ya 150, kwani jumla ilikwishakatwa kabla ya kugawanywa.

Athari ya ukataji huo huonekana wazi pale mtafiti anapotaka kuondoa kivuli cha ukurasa. Njia ya kawaida ni kukadiria mandharinyuma kwa kuififisha picha kwa dirisha kubwa, kisha kutoa makadirio hayo kutoka kwenye picha yenyewe. Tuseme mandharinyuma ni 190, wino ni 60, wino uliofifia ni 150, na karatasi yenyewe mahali hapo ni 185. Tofauti za kweli ni −130, −40 na −5. Katika "uint8" zote tatu huwa 0, na wino na karatasi haviwezi kutenganishwa tena. Kinga yake ni kutumia "im2double" mapema. Amri hii hugeuza aina ya namba na kuzigawanya kwa 255 ili ziwe kati ya 0 na 1. Amri "double" peke yake haigawanyi, na matokeo yake yakioneshwa kwa "imshow" karibu ukurasa wote huwa mweupe, kwa sababu kila kilichozidi 1 huchukuliwa kuwa cheupe. Kosa hili la pili angalau huonekana kwa macho.

Baada ya hapo hufuata kutenganisha wino na karatasi kwa kizingiti. Amri "graythresh" hutumia mbinu ya Otsu ya mwaka 1979, ambayo huchagua kizingiti kinachofanya makundi mawili ya pikseli yatofautiane kadiri iwezekanavyo. Kizingiti hicho ni kimoja kwa ukurasa mzima, hivyo hakifai mahali penye doa la maji au kivuli cha mshono ikiwa mandharinyuma hayakurekebishwa kwanza.

Vumbi na madoa madogo yanayobaki huvutia matumizi ya "medfilt2". Kichujio hiki huweka, mahali pa kila pikseli, thamani ya katikati ya pikseli zilizo ndani ya dirisha, kwa kawaida 3×3. Nukta yenye upana wa pikseli mbili na urefu wa pikseli mbili haiwezi kuwa na zaidi ya pikseli 4 kati ya 9 za dirisha; hivyo thamani ya katikati daima ni ya karatasi, na nukta nzima hufutika. Nukta ya milimita moja iliyoskaniwa kwa pikseli 300 kwa inchi ina upana wa takriban pikseli 12, nayo hubaki salama. Picha hiyo ikipunguzwa hadi pikseli 50 kwa inchi, upana huwa takriban pikseli 2. Kichujio hakina namna ya kujua kama kilichofutwa kilikuwa vumbi au sehemu ya herufi ta.

Kwa sababu hiyo, idadi ya vipande vilivyopungua, inayopatikana kwa kulinganisha hesabu za "bwlabel" kabla na baada ya kuchuja, haitoshi kuwa ushahidi wa usafi. Ikiwa W ni picha ya wino kabla ya kuchuja na S ni baada, zote mbili zikiwa na 1 penye wino, usemi "W & ~S" hutoa picha ya kile tu kilichoondolewa. Picha hiyo huwekwa juu ya ukurasa halisi na kukaguliwa na msomaji anayeimudu hati, mstari kwa mstari, kabla ya S kutumika kwa unukuzi.