Silaha ya Kwanza ya Taifa ni Imani ya Wananchi

Bunduki hununuliwa. Magari ya vita hununuliwa, na nchi isiyo na fedha yaweza kukopeshwa na rafiki zake. Bali imani ya wananchi kwa wale waliokabidhiwa ulinzi wao haiuzwi sokoni wala haikopeshwi na mtu. Nchi iliyo nayo, hata ikiwa maskini, hulala usingizi; na nchi iliyoikosa hukesha, ijapokuwa maghala yake yamejaa risasi. Twataka kulisema jambo hili waziwazi mbele ya wanachama na wafanyakazi wenzetu, maana historia ya nchi yetu yenyewe imekwisha kutufundisha, wala hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta mwalimu.

Tukumbuke mwezi wa Januari 1964. Tanganyika ilikuwa na umri wa miaka 2 tu ya uhuru. Alfajiri ya tarehe 20, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, katika kambi ya Colito ambayo leo yaitwa Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza wakaingia mjini Dar es Salaam. Walidai mishahara bora, na walidai Waafrika wapewe vyeo vilivyokuwa bado mikononi mwa wageni. Kikosi cha pili kule Tabora kikafuata. Maduka yaliporwa, na watu wakafa. Siku chache baadaye Serikali changa ililazimika kuwaomba Waingereza, ambao jana yake walikuwa watawala wetu, walete wanajeshi wao kulizima asi lile. Walishuka tarehe 25 Januari. Mwalimu Nyerere hakuficha aibu aliyoiona katika jambo hilo, na kila mzalendo aliiona pamoja naye.

Kiongozi mwenye akili fupi angalisema: tuwafunge waasi, tuajiri wengine, tuongeze walinzi wa Ikulu, mambo yaishe. Serikali ya wakati ule ilitazama mbali zaidi. Iliona kwamba jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni lilifundishwa kukaa mbali na raia, kuwaogopesha na kutii amri bila kujua linamlinda nani. Askari wa namna hiyo hakuwa na sababu ya kuipenda nchi kuliko mshahara wake. Kwa hiyo jeshi lile lilivunjwa. Mwezi wa Februari mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam, na ndugu zetu wa Nigeria wakaleta askari wao kushika nafasi ya Waingereza wakati jeshi jipya likiandaliwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Tulitafakari jina hilo. Halikuitwa jeshi la mfalme, wala la rais, wala la maofisa. Liliitwa la wananchi.

Jina peke yake lisingetosha. Vijana waliotoka vijijini na katika Umoja wa Vijana wa TANU ndio waliokuwa chimbuko la jeshi hilo, na Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliwafundisha vijana kushika jembe na bunduki kwa mkono ule ule. Aliyelima shamba la kambi, akafyeka barabara na kujenga darasa, alikwisha kuijua jasho ya nchi kabla ya kupewa risasi ya kuilinda. Hii ndiyo maana ya siasa ya ulinzi tunayoizungumza: kwamba usalama na maendeleo si idara mbili zenye milango mbalimbali, ni nyumba moja.

Matunda yake yalionekana mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwezi wa Oktoba, taifa halikuulizana vita hii ni ya nani. Maelfu ya wanamgambo walijiunga na jeshi. Wakulima na wafugaji walichanga mazao na ng'ombe, magari ya watu binafsi na ya mashirika yakapeleka vifaa mbele, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Gharama yake ilikuwa kubwa, nasi sote twajua jinsi uchumi wetu ulivyoumia miaka iliyofuata. Lakini tujiulize: lau wananchi wale wangalimwona askari kuwa adui yao, nani angaliwachangia ng'ombe?

Hapa msomaji aweza kutuambia kwamba twasimulia sifa tu. La. Imani ni kama chungu. Hujengwa polepole, na huvunjika kwa pigo moja. Nasi tumeyapata mapigo hayo.

Katikati ya miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, palikuwa na mauaji ya kutisha, na wengi wa waliouawa walikuwa wazee walioshukiwa uchawi. Vyombo vya usalama vilitumwa kuyakomesha. Kazi ilikuwa ya haki, lakini njia ikapotoka: washukiwa waliteswa wakiwa kizuizini, na baadhi yao wakafa. Habari ilipothibitika, haikufunikwa kwa blanketi. Mwaka 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuna aliyesema kwamba alimgusa mshukiwa yeyote kwa mkono wake. Alijiuzulu kwa sababu waliofanya walikuwa chini ya dhamana yake. Viongozi wengine walijiuzulu pia, na wako maofisa waliofikishwa mahakamani.

Je, Serikali ilidhoofika kwa kukiri hivyo? Historia yajibu. Mwaka 1985 wananchi walimchagua mtu yule yule kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kuwajibika hakukumwangusha, kulimjengea heshima ambayo hakuna mlinzi mwenye bunduki angaliweza kumlindia.

Jambo kama hilo lilitupata tena mwaka 2013. Majangili walikuwa wanawamaliza tembo wetu. Hesabu ilishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Nani angekataa kwamba yalipaswa kufanyika mapambano? Operesheni Tokomeza ilipoanza Oktoba 2013, nia yake ilikuwa njema. Lakini vilio vilitoka vijijini: watu kupigwa, kudhalilishwa na kufa, na mifugo kuuawa. Bunge halikunyamaza. Operesheni ilisimamishwa, Kamati ya Bunge ikachunguza, na Desemba ya mwaka ule mawaziri 4 wakaondoka katika nyadhifa zao: wa Ulinzi, wa Mambo ya Ndani, wa Maliasili na Utalii, na wa Mifugo na Uvuvi. Funzo lake ni zito. Jangili hukamatwa kwa taarifa ya mwanakijiji. Mwanakijiji aliyepigwa na askari hatatoa taarifa, na kimya chake ndicho kichaka anachojifichia jangili.

Sasa yatupasa kuyatazama yaliyo karibu zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, damu ya Watanzania ilimwagika. Watu walikufa, mali ziliteketea, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na wakazi wa Dar es Salaam wakawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Novemba ya mwaka huo iliundwa Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, yule yule aliyeongoza tume ya kuboresha taasisi za haki jinai iliyokabidhi taarifa yake Julai 2023.

Wako wanaotaka mambo hayo yasitajwe, ati kuyataja ni kuutonesha mkono wenye kidonda. Sisi twasema kidonda kisichooshwa huoza. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mama aliyempoteza mwanawe hatulizwi kwa hotuba, na familia ya askari aliyeumia kazini haitulizwi kwa kimya. Wote wawili wastahili ukweli ulio mmoja.

Na mfanyakazi asidhani kwamba haya ni mambo ya wakubwa. Mji unapofungwa jioni, mfanyakazi wa zamu ya usiku hukosa siku yake, mama lishe humwaga wali wake, na kuli wa bandarini hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye kiwanda huahirisha kuongeza mashine, na kijana aliyeahidiwa kazi katika mashine hizo huendelea kukaa kijiweni. Hofu hutoza kodi kuliko serikali yoyote, na kodi yake haijengi zahanati wala shule.

Basi siasa ya usalama itakayorudisha imani yapaswa kuwa ya namna gani? Twaona mambo manne.

Kwanza, mwenye bunduki awe wa taifa zima. Ibara ya 147 ya Katiba yetu inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa anayo haki ya kupiga kura. Wanachama wenzetu na tuliheshimu hilo kuliko wengine wote. Chama kinachopendwa na watu hakihitaji kukopa virungu. Na askari anayeonekana kuwa wa upande mmoja hupoteza nusu ya macho na masikio yake siku ile ile.

Pili, sheria imtangulie askari. Katiba inakataza mtu kuteswa, na sheria yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani bila kucheleweshwa. Ndugu wa aliyekamatwa na waambiwe yuko kituo gani. Mtu asiyejulikana aliko huzaa uvumi, na uvumi huzaa chuki.

Tatu, tume zikichunguza, taarifa zisomwe na wananchi, na mapendekezo yatendwe. Kabati la ofisi halijapata kumponya mtu. Na atakayeonekana ana dhamana katika makosa, aukumbuke mfano wa mwaka 1977.

Nne, askari mwenyewe atendewe haki. Tusisahau kwamba asi la 1964 lilianza kwa manung'uniko ya mshahara na vyeo. Askari anayelala na watoto 4 katika chumba kimoja, kisha akaambiwa akalinde mali ya wengine, anawekwa katika majaribu. Nyumba bora na mafunzo mema ni sehemu ya ulinzi kama ilivyo silaha.

Mwaka 1971, baada ya Amin kutwaa madaraka Uganda, TANU ilitoa Mwongozo. Waraka ule ulisema ulinzi wa nchi utegemee umma wenyewe; na katika waraka ule ule viongozi wakakatazwa majivuno na uonevu. Waandishi wake hawakuyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa bahati. Walijua kwamba raia aliyeonewa na kiongozi wake asubuhi hawezi kuitwa jioni aje aulinde mpaka.

Jeshi la wananchi hubaki la wananchi kwa matendo ya kila siku: katika kizuizi cha barabarani, katika chumba cha mahojiano, mbele ya kijana mwenye bango na mbele ya mfugaji asiyejua kusoma. Kwa matendo hayo ndugu zetu walioshika silaha watahesabiwa, nasi tulioshika uongozi wa Chama tutahesabiwa pamoja nao.