Na Mashine Yapimwa na Nani?

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita mwenzetu mmoja, mtu mzima na mkulima wa siku nyingi, alipeleka gunia lake la karafuu kituoni kuuza. Mashine ya kupimia unyevu ikaonyesha 15 kwa mia, naye akaambiwa arudi akaanike tena. Hakubishana. Alizitandaza karafuu zake juu ya majamvi siku mbili zaidi, kisha akazipeleka kituo kingine kilicho karibu na kwake. Mashine ya huko ikaonyesha 8. Karafuu zikapokewa bila ya neno, lakini gunia lilikuwa limepungua uzito, na furaha yake pia. Alipofika ofisini alituuliza swali moja tu: "Mwanangu, mashine yanipima mimi; na mashine yapimwa na nani?"

Tuliona haya kumjibu kwa maneno matupu. Tukasoma, tukauliza wenye kujua, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tutazame khasara yenyewe. Kipimo cha kimataifa cha karafuu nzima huweka mpaka wa unyevu usiozidi 12 kwa mia. Ukipita mpaka huo karafuu huelekea kuota ukungu ghalani au melini, na jina la kisiwa chetu huharibika pamoja nazo. Lakini kukausha kupita kiasi nako kuna gharama. Tuchukue gunia la kilo 50 lenye unyevu wa 15 kwa mia. Ndani yake mna maji kilo 7 na nusu, na karafuu yenyewe kilo 42 na nusu. Likikaushwa mpaka 12, gunia litakuwa na kilo 48 na kidogo. Likikaushwa mpaka 8, litabaki kilo 46 na kidogo. Basi ikiwa mashine zile mbili zilisema kweli, mwenzetu alilipa jua zawadi ya kilo mbili ambazo hakuna aliyemdai. Na ikiwa mojawapo haikusema kweli, shauri ni baya zaidi.

Ama mashine yenyewe, wengi wetu twadhani kuwa huyaona maji. Haiyaoni. Karafuu humiminwa katika kikombe baina ya vipande viwili vya madini, na umeme hafifu hupitishwa hapo. Maji huuathiri umeme mara nyingi zaidi kuliko kitu kikavu. Kwa hivyo mashine hupima umeme, kisha hutazama jadweli iliyotiwa ndani yake na kukisia unyevu ni kiasi gani. Jadweli ya mahindi haifai kwa karafuu. Kadhalika karafuu iliyotolewa juani sasa hivi, ingali moto, husomeka sivyo, na iliyoshindiliwa kikombeni husomeka mbali na iliyomiminwa polepole. Mashine si mwongo wala si mkweli. Hurudia tu iliyofundishwa.

Na kuifundisha karafuu si kazi nyepesi. Nafaka nyingi hupimwa kwa kutiwa katika joko: hupimwa uzito kabla na baada, na kilichopungua huhesabiwa kuwa maji. Karafuu haikubali njia hiyo, kwani ina mafuta yarukayo yapatayo 15 hata 20 kwa mia, na joko likipata moto mafuta nayo huondoka. Mtu atahesabu mafuta kuwa maji, na karafuu njema kabisa itaonekana mbichi.

Dawa yake ilitokea kwa watu wa mafuta ya petroli. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Dean na Stark, walieleza chombo cha kioo cha kutafuta maji yaliyochanganyika na petroli. Njia hiyo hiyo hutumika leo kwa viungo. Karafuu huchemshwa ndani ya tuluini, kitu cha majimaji kisichochanganyika na maji. Mvuke hupanda, hupoa, na kuteremka katika mrija wenye alama. Maji, kwa kuwa ni mazito zaidi, hukaa chini. Tuluini hubaki juu na kuyachukua mafuta ya karafuu pamoja nayo. Hapo mpimaji husoma maji peke yake. Huyo ndiye hakimu wa mashine.

Limebaki jambo la mkono wetu wenyewe. Konzi moja iliyotolewa juu ya gunia si gunia. Tufanye tumepima magunia mawili, kila moja mara tano, juu, kati na chini. La kwanza limetoa 11.5, 12, 12.5, 11.8 na 12.2. La pili limetoa 9, 10, 12, 14 na 15. Wastani wa yote mawili ni 12 sawasawa! Lakini la kwanza laweza kusafiri kwa amani, na la pili lina kipande kibichi ambacho ukungu utaanzia hapo. Kwa hivyo tusitazame wastani tu. Tutazame pia namba zimetawanyika vipi. Mtu aliyefungua mlango wa hesabu za sampuli chache namna hii ni William Gosset, aliyekuwa akipima shayiri katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Mwaka 1908 alitoa makala yake kwa jina la "Student", yaani Mwanafunzi, kwani waajiri wake hawakuruhusu jina lake litajwe. Biashara ile si yetu, lakini hesabu yake haina kosa.

Basi twapendekeza mbele ya mkutano mkuu mambo matatu. La kwanza, chama kinunue mashine moja iwe yetu. La pili, kila mwanachama alete ofisini kibaba kimoja cha karafuu katika chupa yenye kifuniko cha kubana. Kila kibaba tutakipima kwa mashine mara tano, kisha sehemu yake tutaipeleka maabara ikapimwe kwa njia ya tuluini, na namba zote mbili ziandikwe katika daftari moja. Vibaba 30 vyatosha kuanzia. La tatu, kila atakayeuza msimu ujao aandike siku alizoanika, mvua iliyomkuta, na namba aliyosomewa kituoni.

Twaomba jambo moja khasa. Msituletee karafuu nzuri peke yake. Daftari lenye karafuu kavu tu haliwezi kuifundisha mashine kuijua mbichi. Leteni na zilizonyeshewa, na zilizokaushwa mno. Chupa zitatiwa nambari, si majina, na hapana atakayeaibishwa.

Sote tuliokaa chuoni twakijua kisa cha wenye kupunja vipimo. Mara nyingi twamfikiria muuzaji au mnunuzi. Siku hizi yafaa tuifikirie na mashine iliyo baina yao.

Yule mwenzetu tumemwomba awe wa kwanza kuleta kibaba. Amekubali, kwa sharti kwamba siku mashine itakapopimwa, naye awepo.

Wabillahi Taufiq.

Katibu wa Chama