Mwamba Kando ya Mji wa Malaika

Nani kati yetu hajasikia habari za Los Angeles, mji ule mkubwa wa Marekani, ulio kando ya bahari ya Pasifiki? Wengi wanaujua kwa sababu ya sinema. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mji huo ulipewa jina la Mama Maria. Mwaka 1781 watu 44, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Meksiko wakajenga kijiji kando ya mto mdogo, wakakiita kwa jina la Malkia wa Malaika. Tena zaidi ya nusu ya watu hao walikuwa na damu ya Kiafrika.

Kijiji hicho leo ni mji usioonekana mwisho wake. Katika mji wenyewe wanakaa watu karibu milioni 4. Na ukihesabu wilaya nzima, pamoja na miji mingine mingi iliyoshikana nao, wapata karibu milioni 10. Mji huo haukukua kwa kwenda juu tu, bali kwa kutambaa. Kwanza reli za tramu ziliwapeleka watu mbali na katikati ya mji. Kisha ikaja motokaa. Mwaka 1940 ilifunguliwa barabara pana ya kwenda Pasadena, barabara ya motokaa peke yake. Na mwaka 1961 zile tramu nyekundu zilizojulikana sana zikasimama kabisa. Reli zilianza kurudishwa mwaka 1990, lakini hata leo wengi huenda kazini kwa motokaa, kila mtu peke yake katika yake.

Basi, katika mji wa namna hiyo kijana anakua namna gani? Nyumba ni nyingi, lakini jirani ni wachache. Wazazi wanaolea watoto katika miji yetu wanalijua jambo hili: wingi wa watu si sawa na wingi wa ndugu. Nataka leo kuwasimulia habari za vijana wawili wa mji huo, na mwamba mmoja uliowafundisha.

VIJANA WAWILI

Wa kwanza ni Royal Robbins, aliyezaliwa mwaka 1935. Alikuwa bado mtoto alipoletwa Los Angeles. Nyumbani kwao hapakuwa na amani, naye akaanza kupotoka, kama wanavyopotoka watoto wengi wanaolelewa na barabara. Kilichomwokoa ni chama cha Skauti. Wakubwa wa chama walimpeleka pamoja na wenzake katika milima ya Sierra Nevada, na huko kwa mara ya kwanza akaonja kupanda mwamba kwa mikono na miguu yake.

Wa pili ni Yvon Chouinard, aliyezaliwa mwaka 1938 katika jimbo la Maine, upande wa mashariki wa nchi, katika jamaa iliyosema Kifaransa. Karibu mwaka 1946 wazazi wake walihamia Burbank, katika bonde la San Fernando, kaskazini ya Los Angeles. Mtoto huyo alikuwa mdogo wa umbo, na Kiingereza kilikuwa kigumu mdomoni mwake. Akakaa pembeni. Baadaye akaingia katika chama cha wafugaji wa vipanga wa kuwindia. Mkubwa mmoja wa chama hicho aliwafundisha vijana kushuka genge kwa kamba, wapate kuvifikia viota vya ndege hao. Hivyo kijana alianza kwa kushuka, na kisha akatamani kupanda.

Mwisho wa bonde hilo, mahali paitwapo Chatsworth, pana kilima cha mawe ya mchanga kiitwacho Stoney Point. Reli inapita karibu yake. Chouinard na wenzake walikuwa wakirukia magari ya mizigo ili kufika huko. Tendo hilo hatulisifu, kwa maana ni la hatari tena linakatazwa na sheria. Lakini laonyesha jinsi kiu yao ilivyokuwa kubwa. Robbins naye alifanya mazoezi papo hapo.

KAMBA NA HESABU

Msomaji atauliza: Kupanda jiwe kuna faida gani? Hakuna mavuno juu yake, wala kisima. Na mama atauliza zaidi: Je, mwanangu akianguka? Swali la mama ni la haki, kwa kuwa wengi wamekufa katika milima. Kwa sababu hiyo wapandaji hufungwa kamba moja wawili wawili. Mmoja anapanda; mwenzake anabaki chini, ameishika kamba, macho yake juu. Wa kwanza akiteleza, wa pili anaikaza kamba, na maisha ya ndugu yake yamo mkononi mwake. Afikapo mahali pa kusimama imara, yule wa juu hujifunga kwenye mwamba, naye huishika kamba ili wa chini apande. Katika mji ambamo mtu aweza kukaa mwaka mzima asijue jina la jirani yake, kijana anashika uhai wa mwenzake kwa mikono miwili. Shule gani yafundisha hivyo?

Tena walijifunza kupima nguvu zao pasipo kujidanganya. Mashariki ya Los Angeles, juu ya kijiji cha Idyllwild, pana mwamba mkubwa uitwao Tahquitz, wa mawe magumu meupe. Huko, katika miaka ya 1950, wapandaji wa Los Angeles walitengeneza hesabu ya kupimia ugumu wa njia. Kupanda kwa mikono na miguu, kamba ikiwa ya kinga tu, kulikuwa daraja la tano. Wao waliligawanya daraja hilo kama wanafunzi wagawanyavyo kwa desimali, toka 5.0 mpaka 5.9. Mwaka 1952 Robbins, kijana wa miaka 17, alipanda pamoja na Don Wilson njia iitwayo Open Book pasipo kujivuta kwa chuma, na njia hiyo ikawa ya kwanza kupewa 5.9. Walidhani hesabu imefika mwisho. Lakini watoto waliwapita wazazi: baadaye ikabidi kuandika 5.10, na leo imefika 5.15. Hesabu hiyo iliyotungwa na vijana wa mji inatumika katika Marekani yote.

Mwaka 1957 Robbins, Jerry Gallwas na Mike Sherrick walikwenda katika bonde la Yosemite, wakapanda ukuta wa mbele wa Half Dome, ambao haujapandwa na mtu kabla yao. Ukuta huo una urefu wa mita 600 hivi. Walitumia siku tano, wakilala usiku juu ya vibati vya mawe.

MHUNZI NA VIGINGI VYAKE

Mwaka huohuo wa 1957 Chouinard alinunua tanuru la mhunzi lililokwisha kutumika, na fuawe, na nyundo, akajifundisha mwenyewe kazi ya uhunzi. Alitaka kufua vigingi, yaani vile vipande vya chuma vyenye jicho, ambavyo mpandaji hupigilia katika ufa wa mwamba ili kushikiza kamba. Vigingi vilivyotoka Ulaya vilikuwa vya chuma laini. Ukikipigilia kimoja, ulikiacha papo hapo. Chouinard alifua vyake vya kwanza kwa pua ngumu, kutoka kisu cha zamani cha mashine ya kuvunia. Hivyo viliweza kung'olewa na kutumika tena. Aliweza kufua viwili kwa saa moja, akauza kila kimoja kwa dola moja na nusu.

Kazi ilisitawi. Mwaka 1965 akashirikiana na Tom Frost, na kufika mwaka 1970 duka lao lilikuwa la kwanza Marekani nzima kwa kuuza vyombo vya wapandaji. Kijana aliyekaa pembeni akawa fundi mwenye jina.

Lakini hapo ndipo lilipozuka jambo la kumsumbua mtu moyoni. Wapandaji walikuwa wameongezeka, nao walipita njia zilezile. Kila mmoja alipigilia kigingi katika ufa uleule, kisha akaking'oa. Na wa nyuma akapigilia tena, akang'oa tena. Chouinard na Frost walipopanda El Capitan, mwamba wa mita 900 hivi katika Yosemite, kwa njia waliyoijua tangu zamani, waliona mwamba umejaa majeraha. Nyufa zilizokuwa nyembamba zilikuwa zimegeuka mashimo. Na aliyefua vyuma hivyo ni nani? Ni wao wenyewe.

Wangefanya nini? Vigingi ndivyo vilivyowalisha, wao na wafanyakazi wao; sehemu kubwa ya mapato yao ilitoka humo. Wangeweza kusema: Mwamba si mali yetu, na tusipouza sisi watauza wengine. Hawakusema hivyo. Walikata shauri kuacha kazi ya vigingi kidogo kidogo. Huko Uingereza wapandaji walikuwa wanatumia kabari ndogo za chuma: unaiingiza kwa vidole mahali ufa unapopungua, kamba inaivuta chini, nayo inakaza, ukimaliza unaitoa, wala jiwe halina alama. Robbins naye alikuwa amezileta habari hizo alipotoka Uingereza, na mwaka 1967 yeye na mke wake Liz walipanda njia mpya katika Yosemite kwa kabari peke yake. Katika orodha ya bidhaa ya mwaka 1972, Chouinard na Frost waliwaambia wanunuzi wazi kwamba vigingi vinauharibu mwamba, wakaeleza njia ya kabari. Baada ya miezi michache vigingi havikununuliwa tena kama zamani, na kabari zilitakiwa kuliko walivyoweza kuzitengeneza.

ATAKAYEKUJA NYUMA

Robbins alifariki mwaka 2017. Stoney Point bado ipo. Nyumba zimeizunguka, na sasa ni bustani ya watu wote wa mji. Jioni, baada ya kazi, vijana wa kiume na wa kike hufika na viatu vyao vyepesi, huku motokaa zikinguruma barabarani chini yao. Wengine wameanza kujifunza ndani ya nyumba zenye kuta za bandia, maana mchezo huu umeenea katika miji mingi, hata ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021.

Lakini katika Stoney Point ipo desturi moja ambayo kuta za bandia haziwezi kuifundisha. Mvua ikinyesha, wapandaji wenye akili hawaendi, hata kama kesho yake jua ni kali. Jiwe la mchanga lililolowa ndani ni dhaifu. Ukilishika kwa nguvu laweza kumeguka. Na mahali pa kushikia pakimeguka, pamekwisha, si kwako tu bali kwa kila mtu atakayekuja nyuma yako. Basi wanangoja siku kadhaa mwamba ukauke. Hakuna polisi anayewalinda, wala anayewatoza faini. Katika mji wa watu wenye haraka, wanakaa nyumbani wakingoja jiwe likauke, kwa ajili ya watu ambao hawajui hata majina yao.