Je, Pesa za Umma Zitumike Kutupunguza Uzito?

Popote ulipo, iwe ni Salaita, Taveta, Maktau, Mwatate au Voi, sogea karibu. Kama unachambua mboga, endelea kuchambua, lakini sikio lako liwe hapa.

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanyia mzaha, nalo ni unene. Tutauliza swali moja lisilo la mzaha: je, pesa za umma, zile zinazotokana na kodi na michango yetu, zitumike kuwasaidia watu kupunguza uzito?

Najua kuna mama ambaye tayari amekunja uso. Anasema, "Kiangazi kikija watoto wanalala njaa, na nyinyi mnazungumzia wanene?" Mama, swali lako ni la haki. Tutaanza nalo.

NYUMBA MOJA, SHIDA MBILI

Watu wengi hudhani unene ni ugonjwa wa matajiri wa Nairobi. Sivyo. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilipima watu wazima nchi nzima. Ilionekana kwamba karibu wanawake 4 kati ya 10 wana uzito uliozidi. Kwa wanaume, hawakufika hata 2 kati ya 10. Kwa hivyo jambo hili linatugusa sisi akina mama zaidi.

Tena yawezekana katika nyumba moja mtoto ana utapiamlo na mama yake ana uzito uliozidi. Inakuwaje? Tazama chakula chetu. Ndizi na mbaazi tunazipeleka soko la Taveta siku ya Jumatano na Jumamosi, tunarudi na mafuta ya kupimwa, sukari na unga mweupe. Mama anashinda na chai ya sukari nyingi, mandazi na ugali mkubwa kwa mboga kidogo. Tumbo linajaa na mwili unaongezeka, lakini si kwamba amekula vizuri. Mtoto naye tumbo lake ni dogo. Akijazwa uji mwepesi hapati anachohitaji ili akue.

Kwa hivyo njaa na unene si maadui wawili wanaogombania pesa moja. Mara nyingi mama yao ni mmoja, yaani chakula duni. Muuguzi anayemfundisha mama kupika kwa mbaazi, mchicha, mnavu na ndizi anamsaidia mtoto na mama kwa somo moja.

KWA NINI UZITO UNATUHUSU

Hatuzungumzii urembo hapa. Kila mtu ana umbo lake, na wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mke mnene ni mke anayetunzwa. Tena kukonda kulituogopesha, kwa sababu watu walikuwa wakinong'ona kwamba una "ule ugonjwa". Tunazungumzia kinachotendeka ndani ya mwili.

Mafuta yakizidi, hasa ya tumboni, mwili hushindwa kuitumia vizuri insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Sukari ikibaki kwenye damu miaka mingi huharibu mishipa ya macho, ya miguu na ya figo. Presha nayo hupanda. Magoti huuma kwa kubeba mzigo. Si kila mnene atapata kisukari, na wako wembamba wanaokipata. Lakini uzito ukizidi, hatari nayo huongezeka.

TUNALIPA MWISHO, TULIPE MWANZO?

Sasa turudi kwenye pesa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya zamani ya NHIF iliacha nafasi yake kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake, na mchango wa chini kabisa umewekwa kuwa shilingi 300 kwa mwezi.

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine. Viwango vya SHA viliweka shilingi 10,650 kwa kila mara moja. Mgonjwa akisafishwa mara 2 kwa wiki, kwa mwaka mmoja ni zaidi ya shilingi 1,100,000. Hapo hujahesabu nauli, wala siku ambazo shamba limelala bila mtu. Pesa hizo ni lazima zilipwe, maana ni uhai wa mtu. Swali letu ni hili: kama tunakubali kulipia mwisho wa safari, kwa nini tusilipie kidogo pale mwanzo?

Je, kulipia mwanzo kunasaidia? Nchini Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2002 ulifuatilia watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilifundishwa kula vizuri, kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito. Kwa mama wa kilo 90, hiyo ni kilo 6 hivi tu. Katika kundi hilo, kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kuliko kwa wale ambao hawakupewa msaada huo. Baadaye, mwaka 2018, bima ya serikali ya wazee wa nchi hiyo ilianza kulipia mafunzo ya namna hiyo. Uingereza pia hulipia mafunzo kama hayo kwa walio katika hatari.

WANAOPINGA WANASEMA NINI?

Wa kwanza husema, "Mdomo ni wako, umejinenepesha mwenyewe." Lakini hatumfukuzi zahanati aliyeanguka kwenye bodaboda kwa sababu alipanda mwenyewe. Na bei ya chakula hatuipangi sisi.

Wa pili husema, "Wakipungua, watanenepa tena." Hapa kuna ukweli. Wengi huongezeka tena msaada ukikoma. Ndiyo maana kulipia wiki sita za mazoezi halafu kumwacha mtu ni kumwaga maji mchangani. Kinachofaa ni msaada mdogo unaoendelea, karibu na nyumbani.

Wa tatu husema, "Pesa hazitoshi." Ni kweli, na ndiyo maana lazima tuchague. Kwa maoni yetu, pesa za umma zisilipie chai za kupunguza tumbo, wala mikanda na dawa zinazouzwa sokoni bila daktari. Zilipie kupimwa, ushauri na vikundi vya kusaidiana. Wala zisitolewe kwenye fungu la chakula cha tiba cha watoto wenye utapiamlo. Mtoto huyo hawezi kungoja.

Tena msingi tunao. Mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba ya vifaa, ikiwemo mizani, kipimo cha presha na cha sukari. Na huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zimewekewa fungu lake, ili mgonjwa asilipe pale mlangoni. Kinachobaki ni sisi kudai huduma hiyo itumike pia kwa mama, si kwa mtoto peke yake. Ukimpeleka mtoto kliniki kupimwa, sema, "Sista, nami nipime."

UNACHOWEZA KUANZA NACHO LEO

1. Pima kiuno chako kwa utepe wa fundi cherehani. Kama si mjamzito na kimepita sentimita 80, nenda ukapimwe presha na sukari.

2. Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga, robo ugali au wali, robo maharagwe, mbaazi, samaki au nyama. Kimanga cha nyanya zetu ni chakula kizuri. Kula kwa kiasi, wala usikizamishe kwenye mafuta.

3. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki. Soda iwe ya sherehe.

4. Tembea dakika 30, siku 5 kwa wiki. Lakini sisi wa Salaita tunajua majirani zetu wa Tsavo. Usitoke peke yako alfajiri wala jioni giza likiingia, maana ndovu hana habari na mazoezi yako. Tembeeni kwa kikundi, jua likiwa limetoka.

TAHADHARI

Kama una mimba, usijinyime chakula ili upungue. Anayenyonyesha anahitaji kula zaidi, si kupungukiwa. Mtoto usimnyime chakula kwa kuwa ni mnene. Muulize muuguzi kwanza. Anayetumia dawa ya kisukari asipunguze chakula ghafla kabla ya kumwona daktari, kwani sukari yaweza kushuka akaanguka. Na ukiona unakonda bila kujaribu, usifurahi. Nenda kituo cha afya mara moja.

MWISHO

Mama, ukiugua wewe, nyumba nzima imeugua. Atakayekosa uji ni mtoto yule yule tuliyemtaja mwanzo. Kwa hivyo kumsaidia mama apunguze uzito uliozidi, kwa njia iliyo sawa na ya bei nafuu, hakumnyang'anyi mtoto haki yake. Kunamhifadhia mlezi wake. Kaunti inapoita mikutano ya wananchi kuhusu bajeti, nenda, inua mkono, useme hivyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni vyakula gani tunavyovuna hapa lakini tunaviuza vyote?

2. Kama kaunti ingetoa pesa kidogo kwa kikundi chetu, tungeanza na nini: mizani, mafunzo ya mapishi au mahali salama pa kutembea?

3. Tufanye nini ili mama mnene asichekwe anapokuja kupimwa?

Mweleze na jirani yako. Hadi tutakapokutana tena, tunza mwanao, na ujitunze nawe. Kwaheri.