Lori Likizima Njiani: Umeme au Mafuta?

Barabara ya vumbi inayotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kuelekea Mbarara haina huruma kwa lori kuukuu. Matoke ya wilaya ya Isingiro na mahindi ya wakimbizi wanaolima katika makazi hayo, yaliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, husafirishwa kwa Canter na Isuzu zilizokwisha kufanya kazi Japani kabla ya kuletwa Uganda. Kila shimo hulegeza waya au kutibua uchafu uliotuama chini ya tangi. Lori likizima, wengi hukimbilia kununua vipuri. Nozeli zinafunguliwa, pampu inapelekwa Mbarara kupimwa, nauli ya mzigo inakwisha, na mwishowe kumbe ni kiungo cha waya kilichooza.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa ikibanwa ndani ya silinda hupata joto la zaidi ya nyuzi 500, na dizeli ikinyunyiziwa humo hujiwakia yenyewe. Ndiyo kanuni aliyoifanyia kazi Mjerumani Rudolf Diesel miaka ya 1890. Kwa hiyo injini ya zamani isiyo na kompyuta huhitaji betri hasa kwa kupiga stata. Ikishawaka, inaweza kuendelea hata betri ikiwa hoi.

Lakini pampu nyingi za aina ya mzunguko zina valvu ya sumaku inayofungulia mafuta pale swichi inapowashwa. Ikikosa umeme, springi huifunga na lori linazima ghafla, kama tangi limekauka. Tatizo la umeme hapo linafanana kabisa na la mafuta, na ndilo linalowapotezea watu pesa. Kulipima ni bure: mmoja ashike valvu, mwenzake awashe swichi bila kupiga stata. Ikigonga “tak”, umeme unafika. Ikiwa kimya, waya wake ufuatwe mpaka kwenye fyuzi kabla nozeli haijaguswa.

Bomba la moshi nalo husema mengi. Stata ikizungusha injini kwa nguvu na moshi usitoke hata kidogo, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, yanafika ila hayawaki: huenda plagi za kupasha joto zimekufa, kompresheni imechoka, au stata inazunguka polepole mno. Asubuhi za baridi za Mbarara, mji ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, huufichua udhaifu huo mapema.

Stata ikivuta kivivu, betri ndiyo hulaumiwa kwanza. Malori mengi ya Kijapani hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Zikiwa zimejaa na injini imezimwa, testa husoma karibu 25.2 hadi 25.6. Zikisoma hivyo na stata bado ni nzito, ncha moja ya testa iwekwe kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha stata ipigwe. Zaidi ya nusu volti maana yake waya wa ethi una kutu au umelegea, na kipande cha msasa kinaweza kuokoa bei ya betri mbili. (Redio na chaja ya simu zisiunganishwe kwenye betri moja tu kati ya hizo: hiyo hudhoofika na kuivuruga ya pili.)

Kwa upande wa mafuta, uchunguzi uanzie kwenye mfuniko wa tangi. Tundu lake la hewa likizibwa na vumbi, tangi hujivuta lenyewe mpaka dizeli inakataa kupanda. Lori hutembea vizuri kwa muda, huzima, likipumzika huwaka tena. Mfuniko ukifunguliwa na hewa ikaingia kwa mluzi, kosa limepatikana. Baadaye filta, na maji yaliyokaa chini yake, hasa kama dizeli ilinunuliwa kwenye madumu.

Hewa ikiingia kwenye mabomba, skrubu iliyo juu ya filta ilegezwe na pampu ya mkono ibonyezwe mpaka mapovu yaishe. Mabomba ya nozeli yasiguswe injini ikizunguka. Dizeli ya shinikizo iliyomo humo hupenya ngozi, na jeraha hilo, hata likionekana dogo kama la sindano, ni la kupelekwa hospitali saa hiyohiyo.