Kabla hujamwambia fundi 'fomati tu', okoa vitu vyako

LAPTOPU yako imechoka. Unaiwasha, unaenda kupika chai, unarudi na bado kale kaduara kanazunguka tu. Ukifungua brauza na Word kwa pamoja, feni inanguruma kama posho mill. Na kila ukilalamika, kuna rafiki mwenye jibu moja: "Si upeleke kwa fundi akuwekee Windows mpya?"

Si ushauri mbaya. Kufuta diski na kuweka mfumo endeshi upya huirudishia laptopu kuukuu uhai, hasa ikiwa imejaa programu za miaka mitano ambazo hata hukumbuki ulizitoa wapi. Shida iko kwa hatua inayotangulia, ile wengi wetu huiruka.

Mimi niliiruka. Fundi mmoja katikati ya jiji aliniuliza, "Buda, kuna kitu ya maana hapa ndani?" Nikamjibu, "Zii, weka tu." Nilikuwa nimenakili folda ya Documents kwa flashi, nikajiona mjanja. Miezi michache baadaye nyanya yangu akafariki. Tukiwa kwa matanga, binamu yangu akauliza kuhusu zile rekodi za sauti, nyanya akisimulia utoto wake, nilizomrekodi kwa ajili ya kazi ya chuo. Simu niliyomrekodia ilikuwa imeshaibwa. Nakala pekee ilikuwa kwenye folda ya Downloads.

Fundi hakukosea. Aliuliza, nikajibu. Kwa hivyo kaa chini, twende polepole, usije ukajibu kama mimi.

Vitu vyako viko wapi hasa?

Usiangalie Documents peke yake. Kwenye Windows, fungua diski C, ingia folda ya Users, kisha ile yenye jina lako. Humo ndimo mlimo na Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music na Videos. Nakili zote nzima nzima badala ya kuchaguachagua. Kuchagua ndiko kunakoua watu.

Halafu rudi kwenye diski C yenyewe, uone kama kuna folda uliyofungua mwenyewe siku ukiwa na haraka. Wale wa kutengeneza biti na kuhariri video, kumbukeni kwamba projekti inaweza kuwa folda moja na sauti ama klipu zake zikawa folda nyingine. Ukibeba projekti bila klipu, umebeba sufuria ukaacha ugali.

Kisha angalia paswadi. Kama brauza ndiyo hukukumbukia kila kitu, hakikisha zimehifadhiwa kwenye akaunti yako na si kwenye mashine tu. Hakikisha pia kwamba paswadi ya imeili unaijua kwa kichwa, na kwamba laini inayopokea msimbo wa kuingia bado iko mikononi mwako. Wengine hugundua baada ya kufomati kwamba msimbo unatumwa kwa namba waliyoitupa zamani.

Bekapu ni ile umeifungua

Wataalamu wana kanuni wanayoiita 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Kwa kijana anayehesabu bando, tafsiri yake ni rahisi. Nakala ya kwanza iko kwa laptopu. Ya pili iweke kwa diski ya nje, hata kama ni ya kuazima kwa wikendi. Ya tatu ipandishe mtandaoni. Google hutoa GB 15 bure kwa kila akaunti, ingawa imeili na picha zako hula nafasi hiyo hiyo. Sinema usizipandishe. Pandisha vyeti, CV, projekti ya chuo na zile picha ambazo haziwezi kupigwa tena.

Nakili, usikate. Ukikata na stima ipotee katikati, utabaki ukijiuliza faili iko upande gani.

Na tafadhali, jihadhari na ile flashi ya 'TB 2' inayouzwa kwa bei ya sahani ya chipsi. Flashi bandia hudanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Inakubali faili zako zote, inaonyesha majina yote, lakini ikishajaa kiasi chake halisi, zinazoingia baadaye hupotea au huandikwa juu ya zile za kwanza. Wewe unaona orodha na kushangilia, kumbe ndani hakuna kitu.

Ndiyo maana bekapu ambayo hujaifungua bado si bekapu. Chomeka diski hiyo kwa kompyuta nyingine, ya rafiki ama ya saiba. Fungua picha tano kutoka folda tofauti. Cheza video hadi mwisho. Fungua projekti yako uone kurasa zote zipo. Linganisha idadi ya faili kwenye folda ya zamani na mpya. Ni kazi ya nusu saa hivi.

Laptopu ikikataa kabisa kuwaka hadi ndani, usikimbilie kufomati. Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, unaweza kuwashwa kutoka kwa flashi bila kugusa diski yako. Ukishawaka, unaona faili zako na kuzihamisha. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Uweke mfumo gani?

Hapa uamuzi unategemea umri wa mashine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, hivyo kuiweka upya leo bila mpango wa ulinzi wa ziada ni kuhamia nyumba isiyo na kufuli. Windows 11 nayo inabagua: inataka ramu ya GB 4 kwenda juu, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa laptopu nyingi za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 ama baadaye. HP EliteBook 840 G3, zile za eks-UK zilizojaa mjini, ni kizazi cha 6. Haziko kwenye orodha.

Kama yako iko huko, jaribu Linux Mint. Inahitaji ramu ya GB 2 tu, ingawa GB 4 ndizo nzuri. Huja na LibreOffice, inayofungua faili za Word. Baadhi ya programu za Windows hazitaingia, kwa hivyo ijaribu kwanza kutoka kwa flashi siku mbili tatu kabla ya kuamua.

Kama Windows 11 inakubalika, usikubali kuwekewa 'kraki'. Laptopu iliyokuwa na Windows 10 halali huwa tayari imetambuliwa na Microsoft. Weka toleo lile lile, unganisha intaneti, na itajiidhinisha yenyewe.

Siku ya kazi

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi. Itafutwa yote, kwa hivyo isiwe ile yenye bekapu! Pakua mfumo kutoka tovuti rasmi. Windows 11 ni zaidi ya GB 5 na Linux Mint ni karibu GB 3, basi tumia waifai ya chuo. Chaja ikae kwa stima, maana betri ya laptopu kuukuu haiaminiki.

Kabla ya kuanza, chomoa diski ya bekapu uiweke mbali. Ikibaki imechomekwa, mkono unaweza kuteleza ukafuta diski isiyo yenyewe. Kisha washa mashine ukibonyeza F9 kwa HP nyingi, au F12 kwa Dell na Lenovo, uchague flashi. Waifai ikigoma baadaye, unganisha simu kwa waya na uipe laptopu intaneti hadi ipate draiva zake.

Kama diski yako bado ni ile ya kuzunguka, nunua SSD uweke mfumo huko. Utapata kasi kuliko ambayo kufomati peke yake kungekupa, na diski ya zamani utaitoa ikiwa na kila kitu ndani. Iweke kwenye droo. Hiyo ni bekapu nyingine.

Ukienda kwa fundi, kaa naye hadi amalize. Umemwachia picha na barua zako, si chuma tu. Na ikitokea umefuta kitu cha maana, zima mashine papo hapo. Kila unachoandika juu yake kinafunika kilichokuwepo. Diski ya kuzunguka inaweza kukuhurumia, lakini SSD mara nyingi haina msamaha.

Mimi nilikumbuka wiki kadhaa baada ya Windows mpya, sinema na michezo. Fundi mwingine alijaribu kuokoa. Alipata vipande viwili vya sauti, kimoja cha sekunde 11. Nyanya anasikika akiniuliza kama nimekula.

Nimekiweka mahali patatu.