UZI: Ni kweli wasichana "hawapendi" sayansi?

1/ Kila msimu wa siasa ukifika huku Turkana, ahadi ni ileile: "Tutajenga maabara, wasichana wetu wasome sayansi!" Makofi, kisha kila mtu kwake. Mimi ni mtoto wa Kalokol. Sitaji mtu wala chama. Nataka tu tuelewane kwamba jengo ni nusu ya kazi. Twende.

2/ Nilisomea shule ya mchanganyiko mbali na nyumbani, enzi za 8-4-4. Maabara ilikuwepo. Tukigawanywa vikundi, wavulana walishika mizani na kuwasha moto, mimi nikapewa kalamu. "Wewe andika, mwandiko wako mzuri." Miaka miwili naandika matokeo ya vitu ambavyo sijavigusa.

3/ Mwisho wa kidato cha pili tukachagua masomo. Fizikia nikaiacha. Kwa rekodi, nilichagua mwenyewe. Lakini utachaguaje kitu ambacho mikono yako haikijui?

4/ Maswali nayo? Mwalimu akiuliza, anayepaza sauti kwanza ndiye anajibu. Msichana aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa anaonekana hajui. Si lazima mwalimu awe mbaya, njia yake ndiyo inachuja. Akisubiri kidogo, kisha aite mtu kwa jina, utasikia sauti ambazo hujawahi kuzisikia.

5/ Na sayansi tunayo nyumbani! Kule ziwani mama zetu wanapasua samaki, wanapaka chumvi, wanaanika. Chumvi inavuta maji kutoka kwa nyama, bakteria wanakosa maji ya kuishi. Maji ya Ziwa Turkana nayo yana magadi: chovya litmasi nyekundu, inageuka buluu. Chupa moja tu, umepata somo la asidi na besi. Hakuna aliyewahi kuniambia darasani kwamba kazi ya mama ni sayansi.

6/ Njia inajulikana. Mwaka 1998 Kenya, ikisaidiwa na Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE: walimu wa hisabati na sayansi wapunguze kuhutubia, waongeze majaribio, na pale vifaa havipo, watumie vitu vilivyo karibu.

7/ Kwa nini nasema sasa? Katika mtaala mpya, mtoto anachagua mkondo akiwa Gredi ya 9. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na serikali ilisema inalenga asilimia 60 waende STEM. Lakini Gredi ya 7 hadi 9 ziko ndani ya shule za msingi, na nyingi hazikujengwa na maabara. Hapo mbinu ya mwalimu ndiyo kila kitu.

8/ Binti ya kaka yangu yuko Gredi ya 8. Juzi nimemuuliza kwenye kikundi anafanya kazi gani. "Shangazi, mimi huandika."

9/ Basi mgombea akija na ahadi ya maabara, mpigie makofi, halafu muulize:
– Walimu wangapi wa sayansi wataajiriwa, na watapata mafunzo lini?
– Kemikali zikiisha, nani ananunua?
– Nani atakagua kama kila mtoto anashika kifaa kwa zamu?

Akijibu la kwanza tu na kuruka mengine, umeshajua. Kwako wewe, nani alikuwa anashika kalamu?